Sifa za Ustadi wa Skana

Mji wa Butembo una desturi ya kuwasifu wafanyabiashara wake, na sifa hizo ni haki yao, kwa maana ndio waliofungua njia ya Kasindi na Kampala mpaka Dubai na Guangzhou, wakajenga majumba ya ghorofa mahali ambapo wapita njia waliona vilima na ukungu tu, tena wakafanya hayo katika miaka ambayo serikali ilikuwa mbali na barabara ilikuwa tope. Husifiwa pia madereva wa malori, wafyatua matofali, washona nguo na wakulima wa kahawa. Lakini iko kazi moja ifanyikayo katika vibanda vidogo vya fotokopi, kandokando ya masoko na karibu na milango ya shule na vyuo, Butembo kama Beni, ambayo sijapata kuisikia ikitajwa hadharani kwa taadhima inayostahili, nayo ni kazi ya kuichukua skana kuukuu, iliyokwisha kukataliwa na kompyuta nyingine, na kuifanya itii amri ya kompyuta inayoendeshwa kwa mfumo huria. Nakusudia kuisifu kazi hiyo, kwa sababu naiona kuwa ni ustadi kamili wenye elimu yake na adabu yake, na kwa sababu watu wanaoishi kwa karatasi, kama sisi tunavyoishi, wanapaswa kumjua mtu anayewahifadhia karatasi zao.

Raia wa huku, ambaye kwa miaka mingi hakuwa na kitambulisho kingine ila kadi ya mpiga kura, huyabeba maisha yake ndani ya mfuko wa plastiki. Humo mna kadi hiyo, diploma ya serikali, cheti cha ndoa au cha ubatizo, hati ya kuzaliwa ya mtoto, na aghalabu karatasi ya shamba iliyopigwa mashine zamani, ikatiwa muhuri wa chifu, ikarithiwa kutoka kwa babu pamoja na ugomvi wa mipaka. Kadi nyingi zilizotolewa kwa ajili ya uchaguzi wa mwaka 2023 zilianza kufifia upesi, majina yakatoweka, picha zikabaki vivuli. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni, Oicha, Mbau na Eringeti wamekuwa wakikimbia mauaji yasiyo na mfano, mara nyingi usiku, na mara nyingi zaidi ya mara moja. Tarehe 25 Novemba 2019, katika ghadhabu na uchungu wa msiba huo, jengo la meya wa Beni lilichomwa moto. Mwezi Juni 2024, Kanyabayonga ilipotekwa, familia nyingi za kusini mwa eneo la Lubero zilishika barabara kuelekea Lubero na Butembo. Mtu akimbiaye usiku hushika mtoto kwanza, na ndivyo ipasavyo. Karatasi hubaki darini au chini ya godoro, zikingoja moto, mvua na mchwa. Asubuhi ya pili mwalimu asiye na diploma hana ithibati ya kazi yake, na mjane asiye na hati ya shamba hana la kuonyesha mbele ya baraza. Kwa watu waliofikwa na hali hiyo, nakala safi iliyowekwa mahali pawili ni sehemu ya mali, na pengine ndiyo sehemu pekee itakayosalia.

Kunakili ni kazi ya kale na ya heshima katika nchi za Waswahili. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alizinakili kwa mkono wake tenzi na mashairi mengi katika hati ya Kiarabu, akiwaandikia wataalamu waliotoka mbali kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, na si haba yale tuyajuayo leo juu ya ushairi wa zamani wa pwani yaliyotufikia kwa kupitia kalamu yake. Katika miaka ya 1960, huko Dar es Salaam, J. W. T. Allen alizikusanya hati za namna hiyo kutoka majumbani mwa watu, na orodha yake ilichapishwa mwaka 1970, ili vizazi vijue kilichohifadhiwa na mahali kilipo. Baina ya nyakati za Kijuma na Allen, mwaka 1957, Mmarekani Russell Kirsch pamoja na wenzake waliifundisha kompyuta kuona kwa mara ya kwanza, wakaiwekea picha ya mtoto mchanga wa Kirsch mwenyewe, na kompyuta ikaipokea katika mraba wa nukta 176 kwa 176. Skana ya leo, hata iliyo dhaifu, ikiambiwa isome ukurasa wa kawaida kwa kipimo cha nukta 300 kwa kila inchi, huutoa ukurasa huo katika nukta 2480 kwa 3508, yaani zaidi ya nukta 8,600,000. Umbali huo mkubwa umekwenda chini ya umri wa mtu mmoja, na fundi wetu wa kibandani ni mrithi wa pande zote mbili, wa kalamu ya Lamu na wa mashine ya Marekani.

Sasa niseme shida iko wapi. Skana yenyewe ni kioo, taa, mota ndogo na safu ya macho ya umeme inayotambaa chini ya kioo mstari baada ya mstari. Katika skana nyembamba zilizoenea sana huku, taa hiyo si moja, ni tatu, nyekundu, kijani na buluu, nazo huwaka kwa zamu, upesi mno kuliko jicho linavyoweza kuhesabu, na kutokana na zamu hizo rangi ya muhuri na rangi ya wino hupatikana. Viungo hivi vyote husubiri amri, na kila kampuni imetunga amri zake kwa namna yake. Baina ya kompyuta na skana lazima awepo dereva, yaani programu inayofanya kazi ya mkalimani; na ikiwa mkalimani hayupo, mashine mbili nzima kabisa, zisizo na ugonjwa wowote, hukaa zikitazamana kama mabubu. Makampuni huandika dereva kwa ajili ya mifumo iliyo maarufu sokoni, huitunza kwa miaka michache, kisha huiacha ili watu wanunue mashine mpya. Mwenye kibanda akibadilisha kompyuta, au mfumo wake ukijibadilisha wenyewe, ghafla skana aliyoilipia kwa jasho haisomeki tena. Fauka ya hayo, skana nyingi zinazofika Butembo zimekwisha kutumika kwingine, zimepita Kampala na Kasindi ndani ya maboksi yasiyo yake, bila diski na bila kitabu. Ndiyo maana katika maduka mengi utaona skana iko juu ya kabati, imewekewa mafaili, imekuwa rafu.

Dawa ya shida hiyo ilianza zamani. Mtu mmoja, David Mosberger, aliuanzisha mwaka 1996, pamoja na wenzake, mradi uitwao SANE, kwa kusudi la kuzipatia skana makao katika Linux, ule mfumo huria nilioutaja, na mifumo iliyo jamaa zake. Linux yenyewe ilikuwa changa, umri wake miaka mitano, tangu Linus Torvalds alipoitoa mwaka 1991. Hekima ya mradi huu, na mimi naihesabu kuwa hekima ya kweli, ilikuwa kuigawa kazi katika pande mbili zisizoingiliana: upande mmoja husema na mashine, upande wa pili husema na mtu. Anayeandika dereva ya skana moja hana haja ya kujua madirisha na vitufe vitafananaje, na anayetengeneza madirisha na vitufe hana haja ya kuzijua skana. Kwa hiyo dereva ikipatikana leo kwa mashine iliyosahauliwa, programu zote za kuskani, za kale na za jana, huipata siku hiyo hiyo. Dereva nyingi hazikutokana na vitabu vya makampuni, kwani vitabu hivyo havikutolewa. Zilipatikana kwa watu wenye subira kukaa wakisikiliza mazungumzo yanayopita ndani ya waya baina ya skana na mfumo uliokubaliwa na mtengenezaji, wakiandika kila amri na kila jibu, mpaka wakaifahamu lugha ile bila mwalimu. Gerhard Jaeger alifanya kazi ya namna hii kwa jamii nzima ya skana zenye chipu za aina moja, na kwa jitihada yake skana za Canon LiDE za zamani, ambazo zimejaa huku kwetu, zingali zinasoma karatasi. Shukrani yake ni kazi yenyewe. Wengi wanaoitumia hawatalijua jina lake.

Niruhusiwe nionyeshe kazi hii kwa karibu. Katika kibanda kimoja cha Butembo, karibu na soko kuu, fundi ni binti aliyesoma informatiki, naye ameziwekea kompyuta zote tatu za pale mfumo wa Ubuntu, ulio wa jamii ya Linux, kwa sababu ni kompyuta za zamani zisizohimili mifumo mizito, na kwa sababu wateja huja na flashi zilizojaa virusi, ambavyo huko havipati pa kushika. Mwenye duka alikuwa amenunua skana ndogo iliyokwisha kutumika. Siku hiyo alikuwepo mwalimu mmoja aliyehama pande za Oicha, mtu wa makamo, ameshika bahasha iliyolowa na kukauka, na ndani yake diploma yake iliyokunjwa mara nne.

Yule binti hakuigusa kompyuta kwanza. Aliigeuza skana juu chini, akatazama kitufe kidogo kilichochorwa kufuli, akakisukuma. Kwa maana skana za namna ile hufungwa kichwa chake zinaposafirishwa, na wengi wameitupa mashine nzima kwa kutojua kwamba imefungwa tu. Kisha akaunga waya, akafungua dirisha la amri, akaandika lsusb, amri ya kuorodhesha vifaa vya USB. Katika orodha iliyotokea paliandikwa 04a9:2220, na hapo akatabasamu kidogo, maana sehemu ya kwanza ya namba ile ndiyo Canon, na ya pili ndiyo LiDE 25, nasaba kamili ya mashine hata kama kibandiko chake kimefutika. Akaandika scanimage -L, ili mfumo useme ni skana zipi unazoziona. Mfumo ukajibu kwamba hakuna skana.

Mwalimu akashusha pumzi. "Binti yangu, basi imekataa?"

"Hapana, papa mwalimu. Waya inaiona. Tuulize tena vizuri."

Akairudia amri ile ile kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo, na mara hii skana ikatajwa kwa jina lake. Hapa ndipo pana siri ya nusu ya malalamiko yote ya watu juu ya skana na Linux: mashine inajulikana, dereva ipo, kasoro ni ruhusa. Mfumo huu haumfungulii kila mtumiaji kila kifaa. Huwafungulia wale walioandikwa. Mtu mwenye haraka angeridhika na ushindi huo wa kwanza, akaiacha kompyuta ikiskani kwa mamlaka ya msimamizi siku zote. Nilimwuliza mbona haachi hivyo, ilhali imekwisha kufanya kazi. Akanijibu, bila kuondoa macho kwenye kioo, "Nikiacha hivi, papa, kila atakayekaa hapa ataweza kufuta kila kitu." Basi akamwandika mtumiaji wa kawaida katika kundi la skana, akatunga mstari mmoja wa kanuni ya udev, mgawaji wa ruhusa za vifaa, wenye namba zile mbili, akauhifadhi, akachomoa waya, akatoka katika mfumo na kuingia upya. Amri ikarudiwa bila mamlaka yoyote ya ziada, na skana ikajitaja. Nimewaona wakubwa wa ofisi wakipewa madaraka madogo kuliko hayo na wasijue kuyagawa kwa uadilifu namna hiyo.

Picha ya kwanza ilitoka na mstari mwembamba wa kijani kutoka juu mpaka chini. Mstari wa namna hiyo haumo katika karatasi wala katika programu. Skana, kabla ya kuanza kusoma, hutazama ukanda mweupe uliopo ukingoni mwa kioo ili ipime weupe ni nini, na chembe moja ya vumbi ikikaa mahali hapo huipotosha hesabu, na upotofu huo huburutwa ukurasa mzima. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Butembo huingia kila mahali. Akalowesha kitambaa laini kidogo tu, akapangusa ukingo ule, akakausha, akajaribu tena, na mstari ukatoweka.

Ikabaki diploma yenyewe. Skana nyembamba zina tabia moja: macho yake hayaoni mbali, na kitu kisichogusa kioo hutoka kimefifia, ndiyo maana mgongo wa kitabu kinene huwa kivuli. Karatasi iliyokunjwa na kulowa haiwezi kulala yenyewe. Binti aliinyoosha kwa kiganja, mkunjo mmoja baada ya mwingine, kutoka katikati kwenda nje, akaifunika kwa karatasi nyeupe, akaweka juu yake kitabu kikubwa cha hesabu za duka, akaskani kwa nukta 300, kisha, kwa kuwa muhuri ulikuwa umepauka, akaskani tena kwa nukta 600. Mota ilinguruma taratibu. Mwanga ukapita chini ya ile diploma kama unaoisoma kwa sauti ya ndani. Katika kioo cha kompyuta likatokea jina la mwalimu, mwaka, asilimia, saini, muhuri.

"Hii ndiyo yenyewe?" akauliza.

"Ndiyo yenyewe, papa mwalimu. Hata muhuri unasomeka."

Akaomba itiwe katika flashi, na itumwe kwa mwanawe aliyeko Kampala, na akalipa bila kujadili bei, jambo lisilo la kawaida katika mji wetu.

Ziko skana zenye shida kubwa kuliko hiyo. Baadhi yake huzaliwa upya kila ziwashwapo: hazina kumbukumbu ya kazi yao, na lazima kompyuta izipelekee faili dogo la maelekezo kabla hazijaweza kuwasha taa. Waandishi wa SANE wamekwisha kuandika dereva za skana hizo, lakini faili lile ni mali ya kampuni, hawana ruhusa ya kuligawa, na kwa hiyo fundi hulazimika kulitafuta katika diski ya mtengenezaji, alitoe humo, aliweke katika saraka inayotakiwa, kisha aandike njia yake katika faili la mipangilio. Huku kwetu diski hizo zilipotea safarini. Mafundi hodari huyatunza mafaili hayo katika flashi zao, na hupelekeana wao kwa wao, wa Beni akimsaidia wa Butembo. Rai yangu ni kwamba kumnyima mnunuzi faili ambalo bila yake mashine aliyoilipia haiwezi kuamka ni jambo lisilo la haki, na mtengenezaji anayeiacha mashine hali ingali nzima anapaswa walau kuiachia lugha yake. Lakini Mgala muue na haki umpe: HP imetoa dereva zake za Linux katika mradi wa HPLIP kwa miaka mingi, na skana mpya za siku hizi nyingi hufuata lugha moja ya pamoja inayoitwa eSCL, ambayo Alexander Pevzner ameiandikia dereva iliyo nzuri sana, hata skana hizo hukubali bila dereva ya mtengenezaji. Ila mashine mpya hizo hazijatufikia kwa wingi, na zitakapotufikia zitakuwa kuukuu.

Jambo la umeme halina budi kutajwa, kwani ufundi wowote usiohesabu umeme huku ni ndoto. Skana za zamani zenye taa ndefu zilihitaji waya wake wa ukutani na muda wa kupasha taa moto, na jenereta ikizimika katikati kazi huanza upya. Skana za LiDE hula umeme ule ule unaopita katika waya wa USB, ambao kwa kanuni ya USB 2.0 ni volti 5 na milliampea 500, yaani wati 2.5 kwa wingi wake. Kompyuta ya mkononi na skana hiyo huweza kutumika kwa bati la jua la wastani, katika shule ya kijijini, katika parokia, katika kambi ya waliohama. Hapo ndipo naona ubora wa kuchagua mashine ndogo ya zamani na mfumo mwepesi. Vimekutana na hali yetu bila mtu kuvipanga.

Hata mega za intaneti zina sehemu yake. Mtu wa mji wenye intaneti nafuu akihitaji programu huivuta papo hapo na kusahau. Fundi wa Butembo hununua mega kwa kipimo, kwa hiyo huvuta vifurushi vyote vya Debian au Ubuntu anavyovihitaji mara moja, usiku bei inaposhuka, akavihifadhi, na kesho akaviweka katika kompyuta kumi bila kuuliza mtandao chochote. Leseni ya programu huria inamruhusu kunakili na kugawa, na ruhusa hiyo, ambayo kwa tajiri ni maneno ya kisheria, kwake ni unafuu wa kila siku. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, ikiitwa Jambo OpenOffice, na hilo liliwezekana kwa ruhusa hiyo hiyo.

Karatasi ikishaskaniwa huweza pia kusomwa. Programu ya Tesseract, iliyoanza katika maabara za HP mwaka 1985 na kufunguliwa kwa wote mwaka 2005, huzitambua herufi ndani ya picha na kuzigeuza kuwa maandishi yanayotafutika, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili pia. Kinande, lugha ya wenyeji wa huku, bado hakimo. Kwa barua za zamani za machifu, zilizopigwa mashine kwa utepe uliochakaa, kosa ni jingi na jicho la mtu halina budi kupita nyuma yake. Lakini orodha ya wanafunzi ya parokia, au daftari la shule lililopigwa vizuri, hutoka safi kiasi cha kumfurahisha karani.

Nimekwisha kusema juu ya mashine kwa wingi, na ningependa kusema kidogo juu ya mtu. Ustadi huu humfundisha mwenye nao tabia adimu. Humfundisha kuuliza kabla ya kulazimisha, kwa sababu mashine hujibu kweli kila iulizwapo vizuri, na kosa lililoandikwa kwenye kioo ni taarifa, halikuandikwa kumtukana. Humfundisha kutenga sababu moja na nyingine: waya kwanza, kisha dereva, kisha ruhusa, kisha vumbi; anayezichanganya hutengeneza lisilo bovu na kuacha lililo bovu. Humfundisha kuandika alichokigundua, kwa maana yule binti, alipomaliza, alifungua daftari la shule lenye kava la buluu na kuandika humo namba za skana ile, kundi, kanuni, na tarehe, kurasa zikiwa zimejaa mashine nyingine kabla yake. Daftari hilo limekwisha kunakiliwa na wenzake wawili. Na humfundisha, juu ya yote, ikhlasi katika kuhudumia watu wasio na namna ya kukagua kazi yake, kwani yule mwalimu hakujua nukta 300 ni nini, na angeondoka akiwa radhi hata kwa nakala mbovu.

Kwa hiyo natoa maombi matatu. Wenye maduka, wakuu wa shule na mapadre wa parokia, kabla ya kuiweka skana juu ya kabati au kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu, wamwite fundi aitazame namba yake katika orodha ya SANE, kwa sababu orodha hiyo ni ndefu na imejaa mashine ambazo watengenezaji wake wamezisahau. Walimu wa informatiki wa Chuo Kikuu Katoliki cha Graben na wa vyuo vingine vya Butembo na Beni wawape wanafunzi wao skana mbovu za kweli za kufufua, kwa kuwa mwanafunzi aliyekwisha kupita njia ile kutoka lsusb mpaka kwenye muhuri unaosomeka amejifunza mfumo mzima wa kompyuta kwa mikono yake. Nawe msomaji, wiki hii, kabla ya mvua na kabla ya habari nyingine, zitoe karatasi zako chini ya godoro, uzipeleke zikaskaniwe kwa nukta 300, katika faili la PDF, umlipe fundi haki yake, na nakala moja uiweke kwa ndugu anayeishi mji mwingine.